Bangi Zanzibar: kukaza, kulegeza, kulima au kuuza?

Mjadala wa bangi ukizuka barazani, iwe Kikwajuni au Madungu, haichukui muda watu wameshagawika mapande mawili: hawa "iruhusiwe", wale "abadan". Ukisikiliza vizuri utaona hawabishanii kitu kimoja. Anayetaka iruhusiwe ana kijana wake kichwani, aliyekamatwa na msokoto mmoja na mpaka leo hapati kazi. Anayekataa anamfikiria mtoto wa jirani aliyeanza kuvuta akiwa skuli na sasa anazungumza na ukuta. Wa tatu kasikia Lesotho wanaiuza Ulaya, keshapiga hesabu za dola. Wa nne hasemi sana, ana mgonjwa nyumbani ambaye dawa za maumivu hazimfai kitu.

Hayo ni maswali manne, na kila moja lina sheria yake. Nchi zilizobadilisha sheria hazikufanya jambo moja liitwalo "kuruhusu". Zipo zilizomtoa mvutaji jela bila kumruhusu muuzaji, zipo zilizoruhusu shamba bila kuruhusu sigara, na zipo zilizofungua maduka. Naziweka njia hizo ubavuni mwa ile tuliyonayo, nikizipima kwa hali ya visiwa vyetu. Nasema mapema ninakoelemea: mvutaji mdogo atolewe kwenye jinai, mgonjwa afunguliwe mlango mwembamba wa hospitali, na duka lisiwepo. Unaweza kuzipima sababu zangu ukafika kwengine.

Tulipo sasa

Zanzibar inajitungia yenyewe sheria ya dawa za kulevya. Sheria Namba 9 ya 2009 ilitumika zaidi ya miaka kumi, kisha 2021 ikaja Namba 8, iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar. Bara wana sheria yao ya 2015 na mamlaka yao. Kwa hivyo kauli ya "tusubiri Dodoma waamue" ni ya kukwepa tu. Adhabu ya msokoto inaweza kubadilishwa Chukwani, kwenye Baraza letu la Wawakilishi.

Wasichoweza wawakilishi wetu ni kujitoa kwenye mikataba. Mambo ya nje ni ya Muungano, na polisi pia ni wa Muungano. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 unataka bangi itumike kwa tiba na sayansi peke yake. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25, kuiondoa bangi kwenye jedwali la nne, lile la vitu vinavyohesabiwa kuwa na hatari kubwa na manufaa madogo ya tiba. Wengi walishangilia bila ya kusoma nusu ya pili: ilibaki jedwali la kwanza, ambamo afyuni nayo imo. Kura ile iliufungua kidogo mlango wa dawa. Mlango wa duka haikuugusa.

Halafu kuna dini, na Zanzibar huwezi kuipitia pembeni. Hadithi ya kwamba kila kilevi ni haramu inajulikana na mtoto wa madrasa, na masheikh wengi wanaitia bangi humo. Mimi sina la kuongeza kwa anayejiuliza kama avute. Lakini hukumu ya kuvuta ni suala moja na adhabu ya serikali ni suala jengine. Pombe ni haramu, na inauzwa kwa leseni Nungwi, Paje na Mji Mkongwe, na hakuna aliyesema leseni imeihalalisha mbele ya Mwenyezi Mungu. Anayejibu kwamba kosa moja halihalalishi la pili, na kwamba njia ya uovu huzibwa kabla haijapitwa, ana hoja nzito. Hoja hiyo inalipiga duka, tena inalipiga vibaya. Haisemi kwamba kijana wa miaka kumi na tisa lazima alale mahabusu.

Kukaza kama ilivyo

Sifa ya njia hii ni kwamba inaeleweka na kila mtu. Mzazi anamwambia mwanawe "utafungwa" na maneno yanaishia hapo. Pia inawezekana kweli inawazuia wale waoga, ambao si wachache.

Tatizo ni bahari. Bangi yetu kubwa hailimwi hapa. Inavuka kutoka bara, ambako Arumeru na Tarime zinajulikana kwa mashamba yake, na inashushwa bandari bubu usiku. Ukanda wote wa pwani ya Unguja na Pemba hauwezi kuwekewa mlinzi kila hatua mbili. Anayekamatwa kwa urahisi ni wa mwisho kwenye mnyororo, yule mwenye misokoto mitatu mfukoni. Mwenye jahazi hapiti Darajani.

Na gharama ya kumkamata huyu wa mwisho haiishii hukumuni. Akipelekwa Chuo cha Mafunzo, ndiyo jela yetu, kwa bangi, atakaa na waliofungwa kwa unga (heroini) na kwa wizi, na atatoka na marafiki wapya. Akitoka, cheti cha tabia njema kinamkataa. Hoteli inakitaka cheti hicho, na wakala wa kazi za Oman na Dubai anakitaka pia. Kwa kijana wa Makunduchi au Konde, milango hiyo miwili ndiyo karibu yote iliyopo. Tunamwadhibu kwa kuvuta, kisha tunamnyima kazi, kisha tunashangaa kwa nini yupo maskani mchana kutwa.

Lipo jengine ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Dawa iliyoitesa Zanzibar hasa ni unga. Utafiti wa 2012 ulikuta zaidi ya 11% ya wanaojidunga hapa wana VVU, wakati kwa watu wote kiwango ni kama 1% au chini yake. Ndiyo sababu mwaka 2015 hospitali ya Kidongo Chekundu ilianza kutoa methadoni, dawa ya kumtibu mtegemezi wa heroini, miaka minne baada ya Muhimbili, na ndiyo sababu tuna soba hausi, nyumba za wanaoacha dawa za kulevya, nyingi kuliko ungetegemea katika visiwa vidogo. Askari, hakimu na mkemia ni walewale. Kila jalada la msokoto linalofunguliwa linakaa foleni moja na jalada la kete.

Kulegeza: kosa libaki, jela iondoke

Mfano unaotajwa kila mara ni Ureno, na mara nyingi unatajwa vibaya. Mwaka 2001 Ureno haikuruhusu bangi. Ilisema anayekutwa na kiasi cha matumizi yake ya siku kumi (kwa majani ya bangi ni gramu 25) hapelekwi mahakamani. Anapelekwa mbele ya jopo dogo la watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, nalo linaweza kumpa onyo, faini, au kumwelekeza kwenye matibabu. Kuuza kulibaki jinai.

Maambukizi ya VVU kwa watumiaji wa dawa za kulevya yalishuka sana Ureno katika miaka iliyofuata. Wapenzi wa njia hii huishia hapo. Lakini Ureno ilitia pesa nyingi kwenye methadoni, sindano safi na washauri wakati huohuo, na shida yao kubwa ilikuwa heroini, kama yetu. Sheria bila ya pesa hizo ingekuwa karatasi tu, na hili nitalirudia mbele kwa sababu ndipo njia hii inapoweza kutufia mikononi.

Afrika Kusini walifika kwa njia nyengine. Septemba 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mtu mzima kuvuta na kuotesha bangi nyumbani kwake, kwa matumizi yake, ni suala la faragha, na Mei 2024 Rais Ramaphosa akasaini sheria inayofuata uamuzi huo. Kuuza bado hakuruhusiwi. Mimi mfano huu siuoni ukitufaa. Unamtaka mtu awe na nyumba yenye uwanja na ukuta. Nyumba zetu za Ng'ambo ni vyumba vilivyozunguka ua mmoja, bibi, wajukuu na wapangaji wote humo, na moshi wa chumba kimoja unaingia vyote. Faragha ya mwenye bangaloo itakuwa ruhusa, na ya mtu wa Mwembeladu itakuwa kesi na majirani.

Udhaifu wa kulegeza ni swali rahisi: kuwa nayo si jinai, kuuza ni jinai, basi kijana ataitoa wapi? Uholanzi wameishi na swali hilo tangu 1976. Duka la kahawa linaruhusiwa kukuuzia mpaka gramu tano mlango wa mbele, huku anayelishehenezea duka mlango wa nyuma akiwa mhalifu. Kijana wetu atabaki na muuzaji yuleyule wa sasa, ambaye pengine ana unga mfuko wa pili. Sina jibu la kupendeza kwa hili. Ninachojua ni kwamba njia ya kukaza nayo haimtengi kijana na muuzaji huyo, na juu yake inamwongezea rekodi ya jinai.

Kulima kwa leseni, na dawa

Hapa watu huchanganya mambo mawili: dawa kwa mgonjwa wetu, na zao la kuuza nje.

La mgonjwa ni jepesi kuliko linavyotangazwa. Mmea una kemikali nyingi, lakini mbili ndizo zinazotajwa: THC, inayolevya, na CBD, isiyolevya. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji ya CBD kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto, baada ya majaribio ya kitabibu kama dawa nyengine yoyote. Kwa kichefuchefu cha tiba ya saratani na kwa baadhi ya maumivu sugu ushahidi upo, ingawa si wa kiwango kimoja. Kwa sukari, pumu, nguvu za kiume na mengine yanayotangazwa mitandaoni, ni maneno ya biashara. Kumruhusu daktari bingwa wa Mnazi Mmoja aandike dawa hizo, zije kwenye chupa yenye kipimo, hakuhitaji shamba hata moja la bangi Zanzibar. Mkataba wa 1961 haulizuii, na sioni kwa nini mjadala mzima wa maduka usimamishe jambo hili. Tuna morfini hospitalini miaka yote na hakuna aliyedai tumeruhusu unga.

La zao ni jengine. Lesotho ilikuwa ya kwanza Afrika kutoa leseni za kulima bangi ya dawa, mwaka 2017. Zimbabwe ikafuata 2018, Malawi 2020, na Rwanda nayo ikajitayarisha kulima kwa ajili ya kuuza nje. Leseni za Lesotho zilikuwa ghali kiasi kwamba walioingia ni kampuni zenye mitaji ya nje, na wakulima wa milimani waliokuwa wakiiotesha kwa magendo kwa vizazi wakabaki walipo. Sababu inaeleweka. Bangi ya hospitali Ulaya inatakiwa iwe na kiwango kilekile cha kemikali kila mavuno, bila ukungu wala dawa za wadudu, katika jengo lenye ulinzi. Hiyo ni kazi ya kiwanda chenye mimea ndani.

Sasa mweke hapo mkulima wa Pemba mwenye eka tatu alizogaiwa babu yake baada ya Mapinduzi. Maji ni ya kisima, na ardhi ya Pemba yote haifiki kilomita za mraba elfu moja. Na bei imeshaanguka: Kanada walizalisha kupita soko mpaka wakateketeza shehena za bangi halali. Anayeahidi kwamba bangi itachukua nafasi ya karafuu aulizwe mnunuzi wake nani, na mkataba wa miaka mingapi.

Kuuza dukani

Kanada waliruhusu Oktoba 2018 nchi nzima. Colorado, jimbo la Marekani, maduka yalifunguliwa Januari 2014. Ujerumani, Aprili 2024, waliruhusu gramu 25 mfukoni na mimea mitatu nyumbani, bila maduka. Uruguay, kwa sheria ya Desemba 2013, walichagua njia ya tahadhari kuliko wote: mtu anajiandikisha, ananunua duka la dawa mpaka gramu 40 kwa mwezi, kwa bei iliyopangwa na serikali, na mtalii hauziwi. Kama ningelazimishwa kuchagua soko, ningechagua la Uruguay. Faida zake ni za kweli: unajua unachovuta kina nguvu gani, mnunuzi hakutani na muuza unga, na kodi inaingia.

Lakini hoja kwamba ikiruhusiwa magendo yatakufa, Mzanzibari hafai kuiamini, maana ameishi na jibu lake. Karafuu ni zao halali na la heshima. Mnunuzi kisheria ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali. Na bado kila bei ya Mombasa ilipopanda, magunia yalivuka usiku kutoka Pemba. Tuna kikosi kizima cha serikali, KMKM, ambacho jina lake lenyewe ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Kinachozaa magendo ni tofauti ya bei baina ya pwani mbili. Ukiuza bangi halali Unguja yenye kodi, leseni na maabara, ya Tarime isiyo na chochote itakuwa ya bei ndogo zaidi. Kanada wenyewe, pamoja na uwezo wao, hawajawamaliza wauzaji wa kichochoro.

Mfano wa kutazama kwa makini kuliko wote ni Thailand, kwa sababu inafanana nasi: fukwe, wageni, hoteli, na watu wenye dini yao. Juni 2022 waliitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya kabla ya kuwa na sheria kamili ya kuisimamia. Maduka yakaota kwa maelfu, mengi mitaa ya watalii. Abiria wakawa wanakamatwa viwanja vya ndege vya Uingereza na masanduku ya bangi kutoka huko. Juni 2025 serikali ikageuka, ikaamuru maua ya bangi yasiuzwe bila cheti cha daktari, na watu waliokopa kufungua maduka wakabaki na mzigo.

Sisi tungeanza na Nungwi na Paje, hilo halina mjadala. Na ndege zetu nyingi za kimataifa zinapita Doha, Dubai na Addis Ababa. Mgeni aliyenunua kihalali Jambiani akasahau kipande begini atakuwa na siku mbaya sana kwenye kiwanja cha pili. Papasi wetu, vijana wanaojipa kazi ya kuwaongoza watalii, nao wangekuwa na bidhaa mpya ya kumfuata mgeni nayo ufukweni, na nani atamwambia kwamba leseni ni ya duka tu?

Leseni zenyewe tumeziona kwenye pombe. Mwanzoni mwa 2024, waagizaji wa pombe walipobadilishwa, bidhaa ilipotea mahotelini na bei zikapaa. Uamuzi wa nani apewe leseni ulitosha kuitingisha biashara nzima ya utalii. Sitaki kufikiria vita vya leseni ya bangi.

Kuna na watoto. Kanada na Marekani zilipofungua masoko, hospitali zilianza kupokea watoto wengi zaidi waliokula peremende na biskuti za bangi wakidhani ni tamutamu za kawaida. Bangi ya kula huchelewa, nusu saa mpaka saa mbili, kwa hivyo hata mtu mzima huongeza akidhani haijafanya kazi. Kashata ya bangi ndani ya mtungi wa kashata, mwezi wa Mfungo Mosi, nyumba ina wageni. Inatosha.

Kwa afya, yapi yana uzito

Takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaovuta bangi huishia kuwa mtegemezi, na kwa walioanza utotoni uwiano unapanda, kama mmoja kati ya sita. Ubongo unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25. Hatari ya kurukwa na akili ni kubwa kwa anayevuta kila siku, kwa anayevuta bangi kali, na kwa mwenye ugonjwa wa akili katika ukoo. Ukali nao umebadilika. Katika bangi iliyokamatwa Marekani, THC ilikuwa kama 4% katikati ya miaka ya 1990, na sasa inapita 15%. Kwa hivyo mzee anayesema "sisi tulivuta tukaenda baharini na hatukudhurika" anazungumzia majani mengine. Upande wa pili, bangi peke yake haimwui mtu kwa kuzidisha kama unga unavyoua kwa kusimamisha pumzi. Anayeviweka kapu moja mbele ya wanafunzi anapoteza imani yao siku watakapogundua tofauti.

Uchague vipi

Kama hofu yako ni watoto, duka ndilo la kuogopa kwanza, kisha jela. Kama shida yako ni mgonjwa, dai dawa ya hospitali na usikubali kufungwa kwenye behewa moja na wafanyabiashara. Kama unatafuta pesa za serikali, mwani na karafuu vina wanunuzi leo. Na kama ni kijana wako, njia ya kulegeza ndiyo peke yake inayomgusa moja kwa moja.

Ila ilegezwe kwa maandishi yasiyo na mwanya. Kiasi kitajwe kwa gramu, kiwe kidogo, ili muuzaji asijifiche humo. Aliye chini ya miaka 18 aitwe na mzazi wake, asipelekwe kituoni. Anayeendesha daladala au bodaboda akiwa amelewa abaki na adhabu kali, lakini asihukumiwe kwa kipimo cha mkojo peke yake, kwa sababu mkojo unaonesha bangi ya siku nyingi nyuma, na kwa mvutaji wa kila siku hata wiki kadhaa. Sheha asipewe kazi ya uhakimu, maana anajua sana nani ni mtoto wa nani. Na jopo, kwa mfano wa lile la Ureno, liwe na mtu wa afya aliyesomea, anayelipwa, katika kila wilaya kati ya 11 tulizonazo, kabla sheria haijaanza kutumika. Mwakilishi wako akikwambia anaunga mkono, muulize kama bajeti ijayo ina mshahara wa mshauri wa Micheweni.